Laki tatu ya Krismasi: mimi ningepakia watoto, siyo mabegi

Mkuu, nimekusoma. Una laki tatu, watoto watatu, wazazi wako Sengerema, na shemeji anaona ni aibu kwenda bila zawadi ya kila mtu, kwa hiyo mtume mzigo na basi, nyinyi mbaki zenu Igoma, hapa Mwanza. Mimi naishi Nyakato, kwetu ni ng'ambo hiyo hiyo. Nendeni.

Zamani ungejitetea kwa kivuko. Foleni ya kuvuka ziwa pale Kigongo siku za sikukuu kila mtu anaijua, unafika Busisi ng'ambo umechoka na watoto wanalia. Lakini daraja limefunguliwa Juni 2025, zile kilomita tatu za maji unazimaliza kabla hujajibu meseji.

Kuhusu mabegi: kaka yetu wa Dar hutuma kila Desemba. Moyo anao, siwezi kumsema vibaya, ila hajawaona watoto miaka, atajuaje wamerefuka kiasi gani? Gauni linaishia juu ya magoti, viatu anapewa mdogo mtu. Halafu begi likishafunguliwa sebuleni zinaanza hesabu za nani kapata kitenge na nani kapata kanga, na mama ndiye anabaki kusuluhisha mpaka Februari.

Sasa nikwambie ya Krismasi ya 2023. Iliangukia mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa mnaelewa: mwezi ukiwaka taa haivuti dagaa, mitumbwi inapumzika. Mdogo wangu ambaye huwa analala mchana na kuingia ziwani usiku, safari hii tulikuwa naye saa zote. Alikaa na mzee wakamaliza suala la ng'ombe ambalo kwenye simu lilikuwa linaishia kwenye kukatiana. Mvua zilikuwa zimenyesha, mahindi yanadai palizi, basi tarehe 26 asubuhi wote shambani, hata wanangu wa mjini ambao jembe wanaliona dukani. Mzee akawatembeza wajukuu kwenye mpaka, minyaa kwa minyaa, akiwaambia huku ni kwa nani na kule babu yao mkubwa aliuza lini na kwa nini. Mengine hata mimi nilikuwa siyajui! Wadogo walijifunza kumwamkia babu "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, wakawa wanamwamkia hata jioni, mzee anaitikia tu.

Hayo yote hayakununuliwa madukani Makoroboi.

Sisemi uende mikono mitupu, hapo shemeji yuko sahihi. Ila beba cha kuliwa na wote: mchele, mafuta, sukari, majani ya chai, viungo vya pilau, sabuni ya mche. Changia mbuzi. Samaki sato usibebe, kule ziwani utachekwa kijiji kizima. Watoto wako nguo moja moja ya kwenda kanisani, soko la Mlango Mmoja zipo nzuri tu ukiwahi asubuhi. Kama mzee ana dawa anazotumia, hiyo iweke pembeni kabla ya yote, wala usiiite zawadi. Na shemeji ampigie mama mkwe wake amuulize anataka nini. Mke wangu alipouliza, orodha ilikuwa fupi kuliko tulivyodhani, na wajukuu walikuwa namba moja.

Kitakachobaki usikiguse, Januari iko mlangoni. Ada ya shule za serikali iliondolewa tangu 2016, sawa, lakini sare, viatu na madaftari ya watoto watatu hakuna aliyeyafuta.

Tiketi kata mapema pale stendi ya Nyegezi, uondoke tarehe 22 hivi. Ukisubiri ya 24 utapakata watoto wote watatu. Ukikosa basi, jaribu kivuko cha Kamanga, kinakushusha upande wa Sengerema moja kwa moja, ila uliza kwanza usafiri wa kutoka pale kwenda kijijini kwenu, maana siku za sikukuu bodaboda wanajipangia bei.