Mashine ya dakika chache, majibu ya siku tatu

SWALI: Shikamoo mama. Mamangu, mwenye miaka 71, alilazwa kwa nimonia hapa Mombasa. Jumatatu jioni alitoa makohozi. Kijana wa maabara akatuambia wana mashine ya leza inayotaja jina la bakteria kwa dakika chache. Majibu tumeyapata Alhamisi: Streptococcus pneumoniae. Hizo dakika chache zilikwenda wapi? Na mbona kikopo cha kwanza kilikataliwa?
R.S., Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Huyo kijana hakuwadanganya, ila hadithi aliianzia katikati.

Mashine hiyo, spektrometa ya masi, sisi wa maabara twaiita MALDI, haipewi makohozi. Makohozi yamejaa protini za mgonjwa mwenyewe na bakteria wa kinywani. Ukiyaweka humo utapata kelele tupu. Hupewa bakteria waliokwisha kuota. Kwa hiyo Jumatatu usiku makohozi ya mama yalipakwa kwenye sahani ya agari ya damu, yaani jeli ya kuoteshea bakteria iliyochanganywa na damu, yakaingia kabati la joto la nyuzi 35, na bakteria wakaachiwa usiku kucha wazaane. Hapo hakuna leza ya kuwaharakisha.

Asubuhi ndipo raha yangu inapoanza. Bakteria wa mamako huifanya ile damu iwe na ukijani, na vikundi vyake hubonyea katikati kama kete za dama. Nachota kimoja kwa kijiti, vile vya kuchokolea meno, nakipaka kwenye nukta moja ya kibao cha chuma, nadondoshea mikrolita moja ya kimiminika chenye tindikali, naacha kikauke. Wiki yangu ya kwanza nilipaka kama siagi kwenye mkate. Nukta kumi na mbili mfululizo mashine ikajibu: haikutambuliwa. Inataka utando mwembamba tu.

(Hata mwanzo wa kazi hii kuna kosa. Mwaka 1985 Koichi Tanaka, mhandisi wa Kijapani, alimimina gliserini kimakosa kwenye unga wa kobalti. Akaona uchungu kuutupa, akaupima vivyo hivyo. Ndipo ikapatikana njia ya kurusha protini kwa leza bila kuzivunja, na mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa waliopewa Nobel ya kemia.)

Leza ikipiga ile nukta, protini za bakteria huruka zikiwa na chaji na kukimbia ndani ya bomba lisilo na hewa. Zote hupewa msukumo mmoja. Nyepesi hutangulia, nzito hufuata, kama bodaboda na lori la kontena zilizoachiliwa pamoja pale Changamwe. Mashine hupima nani kafika lini, ikachora vilele, ikavilinganisha na michoro ya bakteria wanaojulikana. Hizo ndizo dakika zenu chache, Jumanne asubuhi.

Sasa bakteria wa mamako ana ndugu yake, Streptococcus mitis, mkazi wa kinywani asiye na shida kwa kawaida. Protini zao zinafanana mno, na mashine imewahi kumwita huyu kwa jina la yule. Mimi siweki saini kwa neno la mashine peke yake. Naweka kidonge cha optokini, dawa inayomzuia pneumoniae lakini kwa kawaida haimzuii mitis, juu ya sahani nyingine, nasubiri usiku wa pili. Pembeni naweka na vidonge vya dawa, kwa sababu MALDI imetaja jina tu. Haikusema ni dawa ipi itamuua bakteria huyo. Jumatano twasoma: optokini ikiacha duara tupu la milimita 14 au zaidi, ndiye pneumoniae. Karatasi kukaa mpaka Alhamisi, hilo ni la ofisi ya hospitali, silitetei.

Kile kikopo cha kwanza nadhani kilikuwa na mate. Twatazama kwa darubini: zikizidi seli za kinywani kuliko chembe nyeupe za usaha, twarudisha. Mama asukutue kwa maji matupu, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka kifuani. Ikiwezekana iwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibaiotiki, maana bakteria huyu hufa upesi na sahani ikabaki tupu. Lakini mgonjwa aliyezidiwa hacheleweshewi sindano kwa ajili yetu. Bila shaka mamako alianzishiwa dawa Jumatatu hiyohiyo.

Chini ya karatasi mtaona majina ya dawa na herufi. S ni dawa inamweza, R ni sugu. Mkirudi kliniki, nendeni nayo.