Barua kwa mwanangu: hela ya chakula inaishia wapi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kwamba umeniuliza mapema, kabla hamjaanza kukopa. Unasema mnanunua vya bei ya chini, dukani unapiga hesabu kwenye simu, lakini hela ya chakula ya wiki inakatika siku mbili kabla ya wiki kwisha. Na mbaya zaidi, wewe na mwenzako mmeanza kulaumiana.

Kwa jinsi ulivyonieleza, sidhani tatizo lenu ni bei. Hebu fungua pipa la taka utazame. Mboga za majani zilizonyauka, nusu mkate ulioota ukungu, wali wa juzi uliochacha: vyote hivyo mlivilipia. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba mwaka 2022 kaya za dunia zilitupa tani milioni 631 za chakula, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu, ukihesabu na maganda na mifupa. Kwa hiyo si nyinyi peke yenu. Bandikeni karatasi juu ya pipa, na kila mnachotupa mkiandike pamoja na bei mliyokinunulia. Baada ya wiki mbili jumlisheni. Naamini sehemu kubwa ya zile siku mbili mtaikuta hapo.

Sasa, wengi wanaanza manunuzi dukani. Wewe anzia kwenye kabati na friji. Toa vyote, hata vile vya nyuma kabisa, uone kuna nini na kipi kinakaribia kuharibika. Kutokana na hivyo ndipo mpange mtakula nini, kisha muandike kinachopungua. Orodha inayoandikwa kwa kukumbuka tu ndiyo inayowafanya watu wawe na chupa tatu za mafuta na wasiwe na hata kitunguu. Na msipange siku zote saba. Pangeni tano, mbili zilizobaki ni za viporo na za kumalizia vilivyosalia. Katika yote ninayokuandikia leo, hili ndilo ninalotamani ulishike zaidi, kwa sababu mpango uliojaa siku saba hauachi nafasi ya siku mliyochoka au mliyoalikwa mahali, na chakula cha siku hiyo kinaishia kuoza.

Ukifika dukani, chukua kikapu cha mkononi kama mzigo unaruhusu. Toroli la dukani lilibuniwa Marekani mwaka 1937 na mwenye maduka aliyeitwa Sylvan Goldman. Aliona wateja wanaacha kununua kikapu kikishakuwa kizito mkononi, akatafuta njia ya kuwaondolea uzito huo. Basi wewe uache uzito ukukumbushe. Nenda ukiwa umeshakula. Vitu ambavyo duka linataka uvichukue haraka mara nyingi hupangwa usawa wa macho, kwa hiyo zoea kuinama na kutazama rafu za chini.

Halafu acha kulinganisha bei ya pakiti na pakiti. Linganisha bei ya kilo, au ya lita. Baadhi ya maduka huiandika kwa herufi ndogo chini ya bei kubwa. Kama haipo, gawanya bei kwa uzito kwenye simu yako. Utashangaa mara ngapi pakiti kubwa si nafuu kuliko ndogo. Na utagundua mchezo mwingine: bei haijabadilika, pakiti ndiyo imepungua. Kitu kilichokuwa gramu 500 kikawa 450 kwa bei ileile, umepandishiwa kwa asilimia 11 bila mtu kugusa kibandiko cha bei. Kwa hiyo soma uzito hata kwa vitu unavyovinunua kila wiki.

Za "nunua mbili upate moja bure" ziruke, isipokuwa kwa kitu kisichoharibika ambacho mngekinunua hata bila ofa. Sabuni, sawa. Maziwa, hapana.

Lingine ni tarehe. "Bora kutumika kabla ya" inazungumzia ubora: ladha au ulaini unaweza kupungua, lakini pakiti ya mchele au tambi iliyopita siku hiyo, ikiwa kavu na haina wadudu, haina sababu ya kutupwa. "Mwisho wa kutumika" inahusu usalama, na inaandikwa kwenye vitu kama nyama na samaki wabichi. Hiyo usiichezee, hasa kwa kuwa mna mtoto mdogo.

Mkirudi nyumbani msikimbilie kukaa. Nusu saa ya kupanga ndiyo inayookoa hela. Vipya viwekwe nyuma, vya zamani vije mbele. Vitunguu na viazi vitenganishwe, kwa sababu vikikaa pamoja huharibika upesi. Ndizi, tofaa na nyanya zinapoiva hutoa gesi inayoitwa ethilini, na gesi hiyo huzifanya mboga za majani zilizo karibu zigeuke manjano na kuharibika upesi, basi ziwekeni mbali. Mboga zenyewe zikaushe maji, zifunge kwenye kitambaa safi au karatasi, ndipo uziingize kwenye friji. Friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Wali uliobaki usiuache kwenye sufuria usiku kucha. Usambaze upoe haraka, uingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita.

Uliniuliza pia kuhusu maharage ya kopo, kwamba yanakuokolea muda. Kweli, yanaokoa muda. Lakini kilo moja ya maharage makavu ikiiva huwa zaidi ya kilo mbili. Loweka usiku, pika sufuria nzima siku ya mapumziko, gawa kwa milo, weka kwenye friza. Kupika mengi kwa mkupuo kunapunguza na gharama ya moto, maana kuchemsha kidogo kidogo kila siku kunaimaliza nishati bila wewe kujua.

Kuna mahali sitaki mbane. Matunda ya mtoto, mayai yake, maziwa yake, yaacheni kama yalivyo. Ikibidi kukata, kateni soda, biskuti na vile vitafunio vya kando ya kaunta. Kateni pia safari za katikati ya wiki, zile za "nakwenda kuchukua mkate tu" ambazo mtu anarudi na mfuko umejaa. Mkate ukiisha Jumatano, kuleni kilichopo hadi siku ya manunuzi.

Kuhusu kulaumiana: karatasi ya pipa jazeni wote wawili, na orodha iandikeni mkiwa mmekaa pamoja, si mmoja anaandika na mwingine anakaguliwa. Kila mmoja apate kitu kimoja kwa wiki anachokipenda, bila kuulizwa maswali. Hela yake itengwe tangu mwanzo, iingie kwenye bajeti kama chumvi na mafuta. Risiti usizitupe. Mkishapata za mwezi mzima nipigie jioni, mtoto akiwa amelala, tuzipitie pamoja na mwenzako akiwepo.

Msalimie sana, na mjukuu wangu mbusu.

Baba yako