Maswali ya Wasomaji: Faili Limebadilishwa, Seva Haijabadilika

Swali: Kwenye seva yetu ya hifadhidata ya PostgreSQL nilifungua faili la usanidi, postgresql.conf, nikabadilisha max_connections (idadi ya juu ya miunganisho) kutoka 100 kuwa 200, kisha nikaiamuru isome faili upya. Haikulalamika, lakini SHOW max_connections bado inaonyesha 100. Tahajia iko sawa. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda faili halina kosa lolote. Seva hutumia thamani ilizobeba kwenye kumbukumbu tangu ilipolisoma, kwa hiyo iulize seva kwanza, faili baadaye:

`SELECT setting, source, context, pending_restart FROM pg_settings WHERE name = 'max_connections';`

Kama pending_restart ni t (kweli), seva imeliona badiliko lako na inasubiri kuzimwa na kuwashwa. max_connections na shared_buffers (akiba ya data kwenye kumbukumbu) hutengewa kumbukumbu ya pamoja pale seva inapowaka, hivyo hazibadiliki ikiwa inaendelea na kazi. work_mem (kumbukumbu ya kazi kama kupanga data) haina shida hiyo; `SELECT pg_reload_conf();` inatosha. Safu ya context ndiyo inayokuambia: ukiona postmaster, jua ni lazima kuwasha upya.

Kama pending_restart ni f (si kweli), shuku kwamba kuna mstari mwingine unaoushinda wako. Fungua pg_file_settings, ambayo huorodhesha kila mstari wa kila faili la usanidi pamoja na namba yake. Kigezo kikitajwa mara mbili, kinachosomwa mwisho ndicho kinachotumika. Hapa ndipo wengi hunaswa: postgresql.auto.conf husomwa baada ya postgresql.conf, na mtu yeyote aliyewahi kutumia ALTER SYSTEM, amri ya kubadilisha vigezo kutoka ndani ya hifadhidata, ameacha alama yake humo. Faili hilo usiliguse kwa mkono; liondolee mstari kwa `ALTER SYSTEM RESET max_connections;`. Ikiwa mstari wako haumo kabisa kwenye orodha, umehariri faili ambalo seva hii hailisomi, na `SHOW config_file;` itakupa njia ya lile inalosoma. Na source ikisema command line, thamani ilitolewa kwenye amri ya kuiwasha seva. Hiyo hushinda mafaili yote mawili.

Kabla ya kuzima seva, soma safu ya error kwenye pg_file_settings. Kwa max_connections utakuta ujumbe kwamba thamani haikuweza kutumika. Ni kawaida kwa kigezo kinachosubiri kuwashwa upya. Cha kuogopa ni syntax error, yaani kosa la uandishi wa mstari. Seva iliyo hewani ikikutana nayo hulipuuza badiliko lote na kuendelea na thamani za zamani, kimya kimya isipokuwa kwenye logi. Ukiizima, haitawaka tena hadi mstari huo urekebishwe. Kosa la wiki nzima iliyopita laweza kujitokeza usiku wa leo kwa njia hiyo.

Ukiwa bado humo, kagua vipimo pia. `shared_buffers = 512` bila kipimo huhesabiwa kwa vipande vya kB 8, yaani MB 4 tu, wakati thamani ya kawaida ni MB 128. Andika 512MB, kwa herufi kubwa hivyo hivyo, mb haitambuliwi.

Swali: Programu yetu ya Python husoma mafaili ya usanidi ya muundo wa YAML kwa maktaba ya PyYAML. Kwenye orodha ya nchi, NO ya Norwei inageuka False, na toleo 1.10 linasomwa 1.1. Je, maktaba ina hitilafu?

Jibu: Haina. PyYAML hufuata kanuni za YAML 1.1, ambamo no, yes, on na off zisizo na alama za kunukuu ni ndiyo au hapana. YAML 1.2 ya mwaka 2009 iliyaondoa hayo, ila 1.10 hata humo ni namba ya desimali, na sifuri ya mwisho haina thamani.

Kuna mitego miwili mibaya zaidi kwa sababu huonekana mara moja moja. Poti zilizoandikwa 22:22 husomwa kwa hesabu ya msingi wa 60, zikawa 1342. Na msimbo 0123 husomwa kwa msingi wa 8, ukawa 83, ilhali 0189 unabaki maandishi, maana 8 na 9 hazimo katika msingi huo. Ukijaribu kwa msimbo wenye 8 au 9 tu, utaapa kwamba kila kitu kiko salama.

Weka alama za kunukuu kwenye kila msimbo, toleo, namba ya simu na jozi ya poti: `"NO"`, `"1.10"`, `"0123"`. Kisha programu ikague aina ya kila kigezo inapowaka, na ikatae kuendelea ikitaja jina la kigezo na ilichotarajia. Ukaguzi huo uguse pia vigeu vya mazingira, kwa kuwa hivyo daima ni maandishi: `bool("false")` katika Python hurudisha True. Linganisha maandishi yenyewe.

Swali: Faili la .env lenye nywila liliingia kwenye Git, mfumo wetu wa kutunza matoleo ya msimbo. Nimeliongeza kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git isiyafuatilie. Inatosha?

Jibu: Haitoshi. .gitignore haigusi faili ambalo Git tayari inalifuatilia. Badilisha nywila kwanza, leo, kwa sababu ya zamani imebaki kwenye historia na kwenye nakala ya kila aliyeivuta. Baada ya hapo endesha `git rm --cached .env`, ukomiti, kisha `chmod 600 .env` kwenye seva ili mmiliki peke yake aweze kulisoma. Kwenye hazina acha faili la mfano lenye majina ya vigezo na thamani tupu.