Kabla hujampa mchezaji mpya alama

Wadogo zangu wa kitengo cha tathmini, juzi nimewakuta wawili wenu mmechora jedwali la usajili wetu wa dirisha kubwa, kila jina na alama yake, na wengine tayari mmewapa F. Ligi imechezwa raundi tatu! Nilinyamaza kwa sababu niliona jasho lenu, na najua mlikesha na zile video. Lakini makosa yale ni yangu ya miaka ile, yaleyale. Nisomeni mpaka mwisho, halafu tukae pamoja tulirudie hilo jedwali.

1. Anzeni na sababu ya usajili. Kuna aliyeletwa aanze leo, kuna aliyeletwa amrithi mkongwe, na kuna aliyeletwa akuzwe auzwe. Namba sita, yaani kiungo mkabaji, aliyesajiliwa kwa ajili ya msimu ujao hawezi kufeli Septemba.

2. Mechi za utambulisho msizihesabu. Simba Day ya Simba na Wiki ya Mwananchi ya Yanga ni sherehe za kutambulisha kikosi, na mimi ni wa kwanza kufika, lakini mpinzani pale ni mgeni mwalikwa. Mtazameni mchezaji anapokutana na watu wenye shida na pointi. Samatta alicheza dhidi ya TP Mazembe ya Kongo akiwa na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa 2011, na mwaka huohuo Mazembe wakamchukua. Winga Miquissone aliwatoa Simba akiwa na UD Songo ya Msumbiji 2019. Januari 2020 akawa mchezaji wao, Februari 2021 akaifunga Al Ahly ya Misri kwa Mkapa, na mwaka huohuo Al Ahly nao wakaja kumnunua. Mnaona mtiririko huo? Mtu aliyekutesa umeshamfanyia skauti dakika 90 bila kulipa nauli. Ndiyo maana kila baada ya mechi nawaomba jina moja la timu pinzani, na kila baada ya mechi mnasahau.

3. Ulizeni mchezaji anaishije. Hapa mnivumilie.

Zamani, kwenye klabu nyingine, tulimsajili kiungo mkabaji wa miaka 19 kutoka Kigoma. Nilimwona mwenyewe mara nne pale Lake Tanganyika. Alikuwa anakaba bila kulala chini, pasi yake ya kwanza inakwenda mbele, na akipokonywa mpira haanzi kumlalamikia refa, anaufuata. Niliandika "asajiliwe" nikapiga mistari miwili chini yake.

Alipofika Dar akacheza mechi saba, nne kati ya hizo kama beki wa kulia kwa sababu beki wetu alikuwa majeruhi. Nilikuwa na kila namba yake, pasi, mipira aliyonyang'anya, faulo, na zote zilisema jambo moja: nusu saa ya mwisho anazimika. Ikifika dakika ya 60 anachelewa hatua moja, anamvuta mtu jezi, anakula kadi. Desemba benchi la ufundi likataka maoni yangu. Niliandika: "Hana pumzi ya Ligi Kuu, aachwe dirisha dogo." Ikasainiwa siku ileile.

Wiki moja baadaye niliingia stoo kuchukua koni. Mzee wa vifaa alikuwa ameshika viatu alivyoacha yule kijana, anavitia kwenye mfuko wa rambo. Soli ya kulia ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa viroba. Hakuniangalia. Akasema, "Mwalimu, yule mtoto alikuwa anafika hapa mlinzi hajafungua geti. Anatoka Chanika."

Mazoezi yetu yalikuwa saa 12 asubuhi, upande wa pili wa jiji. Aliamka saa 9 usiku akaunga daladala, akafanya mazoezi, na chai akainywa saa 4 kama kuna wa kumnunulia. Chumba kilichoandikwa kwenye mkataba hakikupatikana, na mshahara wa miezi mitatu ulikuwa haujatoka. Alikaa kwa shangazi yake, analala sebuleni watu wakishamaliza taarifa ya habari. Mzee wa vifaa alijua. Mlinzi alijua. Mama wa chai pale getini alijua, ndiye aliyekuwa akimkopesha chapati. Mimi mwenye jedwali la safu 14 sikujua, kwa sababu sikumuuliza mtu yeyote, hata yeye mwenyewe.

Jioni ile nikampigia. Akapokea, "Shikamoo mwalimu," akanishukuru kwa kumpeleka Dar, akasema yuko kwenye treni na wameshafika Tabora. Nilikuwa nimepanga kumwambia nimemkosea. Nikamwambia safari njema.

Hajacheza Ligi Kuu tena. Mpaka leo sijaona kijana anayepokea mpira akiwa ameshageuza bega kama yule, na taarifa iliyomrudisha kwao ina saini yangu.

4. Subirini msimu wa pili. Kiungo Aziz Ki alikuja Yanga 2022 kutoka ASEC ya Ivory Coast. Msimu wake wa kwanza ufungaji bora wa ligi waligawana Mayele wa Yanga na Saido wa Simba, kila mmoja mabao 17. Msimu wa 2023/24 akafunga 21 na ukawa wake. Mngempa alama gani ile Oktoba ya kwanza?

5. Kijeba, yaani mchezaji anayepunguza umri wake. Kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, kinachosoma umri kwenye mifupa, kinasaidia kwa U17 (chini ya miaka 17), hakitawaambia chochote kuhusu mtu anayedai ana 22. Angalieni tarehe ya kutolewa cheti cha kuzaliwa, msiishie kwenye tarehe ya kuzaliwa. Halafu nendeni shule aliyosoma, muombe kuona daftari la mahudhurio.

6. Fomu nimezibadilisha. Ziko kabatini, droo ya pili. Juu ya safu za namba nimeongeza mistari mitano ya kujaza kwa kalamu: analala wapi, anafikaje mazoezini, anakula nini kabla, mshahara wa mwisho aliupata lini, amecheza nafasi yake mechi ngapi. Mzee wa vifaa wetu huwa yupo kuanzia saa 11 alfajiri. Anzeni na yule winga mliyempa F.