Uliza Mzee wa Pori: Kitoto cha sungura chini ya mkorosho

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Ruangwa, nina mikorosho na banda la sungura saba. Leo tukipalilia nimeokota kitoto cha sungura wa porini, manyoya tele, macho wazi, mama haonekani. Sungura hao wamepungua sana huku kwetu. Shemeji anasema Wamarekani walikuwa na sungura aliyekaribia kwisha, wakamchanganya na wengine, akarudi. Nikikilea hiki nikakiingiza kwa majike wangu, si nitakuwa nimeokoa mbegu?
Mkulima, Ruangwa

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nilikujibu kwa simu siku ileile ukirudishe kabla ya magharibi. Haya naandika kwa ajili yako na wenzako.

Kitoto chako hakikuwa yatima. Sungura wetu wa porini hachimbi shimo. Huzaa juu ya ardhi, majanini, na watoto huzaliwa wakiona. Mama huwaacha wamejikunyata mchana kutwa, akarudi kunyonyesha mara moja, giza likiingia. Nikiwa darasa la tano niliokota mmoja nilipokwenda kuchimba ming'oko, nikamnywesha maziwa ya kopo kwa kijiko. Siku ya tatu alikuwa amekauka. Mama yangu hakunigombeza, alinipa jembe tu nikamzike.

Halafu hilo la banda. Hapa Kiswahili kimetuponza, wote tunawaita sungura. Wa bandani kwako asili yake ni Uhispania na Ureno, na huzaa vitoto uchi, vipofu, kama vya panya. Wa porini ni jamii nyingine: kromosomu zake, yaani nyuzi zibebazo urithi, ni 48, za wa bandani 44. Hawatakuzalia kitu. Na kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata awe wa kutosha kiganjani. (Kichekesho ni kwamba babu zao hao wa bandani, huko porini kwao, tangu 2019 wamehesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Magonjwa yamewafagia, huku wajukuu wamejaa mabandani dunia nzima.)

Shemeji hakudanganya, ila kakuletea nusu ya habari. Katika jimbo la Washington, bonde la mto Columbia, kuna sungura asiyefika nusu kilo. Huyo huchimba shimo lake mwenyewe, na wakati wa baridi chakula chake ni karibu pakanga tupu, kile kichaka kichungu, ila pakanga la huko. Watu wakalifyeka, wakalima. Mwaka 2001 wataalamu walikamata 16 ili wawazalishe kwenye vizimba. Hawakuzaana vizuri, walikuwa ndugu mno. Ndipo wakachanganywa na wa jimbo la Idaho, lakini ni sungura haohao wa pakanga, si wa kufuga. Dume la mwisho lisilo na mchanganyiko lilikufa 2006, jike 2008.

Mwaka 2007 wakaachia 20 porini. Wengi wakaliwa upesi, maana mtoto wa kizimba hajui mwewe ni nani. Mwaka 2011 wakaanza upya kwa akili nyingine: wakazungushia uzio eneo kubwa la pakanga lenyewe, wakaleta na sungura wa porini kutoka majimbo mengine, wakawaacha wazaane humohumo ndipo waachiwe. Hapo kazi ikaanza kushika. Kisha ukaja moto. Wa 2017 uliteketeza eneo moja la uzio, na wa 2020 ukapita pengine walipokuwa wamesharudishwa. Kazi ya miaka, mchana mmoja.

Huo moto ndio ulionifanya niandike kirefu, maana nasi kila kiangazi tunachoma. Wewe unaniuliza mbegu, mimi nakuuliza: mkishasafisha chini ya mikorosho yote, sungura alale wapi? Ukingoni mwa shamba acha kipande cha nyasi upana wa hatua kumi hivi, usikiguse mpaka mvua. Takataka kusanya chungu ndogondogo, uchome moja moja. Mbwa mfunge siku za kupalilia. Na mkianza kufyeka, anzeni katikati mkielekea nje, ili aliyejificha apate njia ya kukimbilia kwenye hizo nyasi. Mkianza pembeni kuzunguka, mnamfungia ndani, na mwisho wa kazi kuna panga na kuna mbwa.