Bundi wa darini: msubiri kwanza kabla ya kumfukuza

Mkuu, umesema bundi mwenye uso mweupe amehamia kwenye dari yenu hapo Ihumwa, usiku kunasikika kama mtu anakoroma, na wazee wanataka auawe. Umeuliza pia kama ni jamii ya mwewe. Kwetu Kongwa tuliyapitia hayo.

Mwewe hapana. Kucha na mdomo uliopinda vinafanana kwa sababu wote ni wawindaji, ila bundi wana oda yao wenyewe (kundi kubwa la uainishaji wa viumbe), Strigiformes, yenye spishi zaidi ya 200 katika familia mbili. Wenye uso wa umbo la moyo ni Tytonidae. Waliobaki ni Strigidae, hata yule mkubwa wa porini mwenye kope za waridi. Wenu ni wa hao wenye uso wa moyo, kwa jina la kisayansi Tyto alba. Mkoromo huo ni vifaranga vinadai chakula.

Sisi kilichotutisha si sauti. Chini ya ukuta wa ghala tulikuta madonge meusi ya manyoya na mifupa, jirani akasema tumetupiwa kitu. Mama akakataza yasiguswe. Nilikuwa kidato cha pili. Nikachukua donge moja nikaliloweka kwenye bakuli. Yakatoka mafuvu manne ya panya, na meno yake ya njano! Bundi humeza panya mzima mzima, kisha manyoya na mifupa anavicheua. Nilimwita mama. Akahesabu mafuvu, akayatazama magunia yetu ya mahindi, akaenda mwenyewe kwa jirani.

Na yale yanayoogopesha watu ndiyo zana zake za kuwindia. Anakukodolea kwa sababu macho yake hayazunguki, hivyo hugeuza shingo: ana pingili 14 shingoni, sisi 7, na kichwa hufika nyuzi 270. Anatokea ghafla kwa kuwa manyoya ya mbawa zake yana ncha kama za kitana, hayavumi. Sikio moja liko juu kuliko jingine, ndiyo maana anamlenga panya gizani kwa sauti tu.

Nakusihi, kama mnatega sumu ya panya, acheni kwa sasa. Panya aliyeila hafi papo hapo. Bundi akimkamata, sumu inafika kwa vifaranga. Vitaruka vikifikisha miezi miwili hivi. Kama bado hamtaki wakae, zibeni tundu baada ya hapo, mchana, mkiwa mmehakikisha hakuna aliyebaki ndani.