Re: Krimu ya jua inanijaza chunusi

Habari dada. Umesema kila ukipaka krimu ya kukinga jua, vipele vinajaa kwenye paji la uso, na unafikiria kuiacha. Usiiache, tafadhali: jua ndilo linalokoleza yale madoa meusi ya chunusi.

Kwanza angalia unavyoitoa usiku. Krimu isiyotoka kwa maji haiondoki kwa kunawa harakaharaka. Mimi nasugua taratibu hadi kwenye maoteo ya nywele, ndipo inapojificha. Ikiwa vipele bado vinatoka, badili: chukua ya jeli, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, isiyo na manukato, iliyoandikwa kuwa haizibi vinyweleo. Kiasi usipunguze. Mistari miwili ya krimu, mmoja kwenye kidole cha shahada na mmoja kwenye cha kati, ndiyo kipimo changu. Ukiwa juani, rudia kila baada ya saa 2.